Mashudu ya Injini

Baba yangu ana mashine ya kukamua alizeti pale Mungaa, ya dizeli. Kwetu ukileta alizeti yako unaondoka na mafuta, mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yanabaki kwa mwenye mashine, na ng'ombe wanayala. Baba hajawahi kuamini kwamba mashine inaweza kutoa kitu kisicho na kazi.

Mwaka jana upepo uliezua paa la nyumba ya wazazi wangu. Ilibidi kiuzwe kitu wapate mabati kabla ya mvua: ama mashine, ama maksai wawili wa kulimia. Mashine ilishapata mteja, mchimbaji wa dhahabu wa Sekenke aliyetaka injini ya kusagia mawe yake. Na dizeli ilikuwa imepanda hadi majirani wakaanza kupeleka alizeti Ihanja, kwenye mashine ya umeme. Mimi sikuona cha kujadili, mashine iuzwe.

Mdomo wangu ndio ulioleta kasheshe. Tulikuwa tunakula, nikasimulia nilichosoma kwenye simu: wapo wataalamu wanaonasa hewa ukaa, hewa ile ile inayotoka na moshi wa injini, wanaichanganya na haidrojeni waliyoitoa kwenye maji, wanapata mafuta ya kuendeshea injini. Nilisimulia tu, kama mtu anavyosimulia mpira.

Baba akaacha kula. "Kwa hiyo ule moshi ni mashudu."

"Tuseme hivyo, baba."

"Basi una mafuta bado. Mashudu hayaishi mafuta, ukiyarudisha mashineni yanatoa tena."

Nikasema hapana, moshi hauna nguvu iliyobaki, kuugeuza kuwa mafuta kunataka umeme mwingi kuliko nguvu utakayoipata. Hapo nikajichanganya mwenyewe. Kama umeme huo upo, mtu anahangaikia moshi wa nini? Nikafungua simu nisome tena. Mmoja anasema mafuta hayo ni ya ndege na meli, mwingine anasema ni ya kila gari, wa tatu anasema ni ghali mno, tuyasahau. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nimesoma miaka yote hiyo, na nimeshindwa kumweleza baba yangu moshi.

"Yatafika huku?" akauliza.

"Sijui, baba."

"Lakini yapo?"

"Yapo."

Ulikuwa ukweli. Mpaka leo sijui ningejibu nini kingine.

Nikarudi Singida mjini. Wiki ya mvua za kwanza mama akanipigia simu. Nikamwamkia, akaniambia nyumba imeezekwa, wanalala pakavu. Nikafurahi kweli, nikamuuliza yule wa Sekenke aliibebaje ile injini, maana ni nzito.

"Injini ipo," mama akasema. "Baba yako ameifunika turubai, anasema mtoto wetu amesoma, mafuta yake yapo. Wameondoka maksai."

Akaniaga mapema, alfajiri walikuwa wanaanza kulima, yeye na baba, kwa majembe ya mkono.