Mashavu Yangu na Unyago wa Shangazi

Magomeni kwetu, mtoto akiwa na macho ya njano, jibu lipo kabla hajafika hospitali: anakunywa. Yangu yaligeuka njano nikiwa darasa la sita, nakwenda madrasa kila jioni. Lakini msimu wa mabibo ulikuwa umefika, basi jirani akatangaza kwamba nakunywa uraka, pombe ya mabibo, kwa kujificha. "Ini ni ugonjwa wa walevi," akasema. Hajasomea ini. Hajasomea chochote.

Daktari ndo alitueleza. Tangu mdogo nilikuwa naharisha damu, utumbo una vidonda, kwa sababu kinga ya mwili wangu inaupiga utumbo wangu mwenyewe. Sasa ilikuwa imehamia kwenye ini. Watoto wenye tumbo kama langu, wengine huwatokea hivyo. Akanipa vidonge vya kila siku na kumwonya mama: akiviacha ghafla, ini linaweza kuharibika moja kwa moja.

Vidonge vikanivimbisha mashavu, nikawa kama andazi. Shangazi, dada yake baba, alipokuja kutoka Nanyamba kunichukua kwenda unyagoni, akanibana shavu na kupiga vigelegele.

"Kanenepa! Huyu kapona!"

"Wifi, bado yuko kwenye dawa," mama akasema, kama anaomba radhi.

"Dawa ya nini na afya yote hii? Kungwi kasema huko ndani hakiingii kidonge cha hospitali. Akitoka ataendelea."

"Atatoka lini?"

"Likizo ikiisha."

Likizo nzima! Mama akaangalia chini. Mbele ya wifi yake ndo kazi yake hiyo.

Nikaona nikingoja wakubwa nitakufa na adabu zangu. "Shangazi, mashavu haya ni dawa, si afya. Nikiacha, ini linaharibika. Siendi."

"Hee! We mtoto unanijibu? Utabaki msungo! Nani ataoa mwanamke asiyefundwa?"

"Anayetaka msungo mwenye ini."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka tu, kama chafya. Shangazi akamgeukia, na safari hii mama hakuangalia chini. Akaingia ndani, akaniletea kidonge na maji, nikameza mbele ya mgeni.

Shangazi aliondoka siku ileile, na kuku aliyekuwa ametuletea zawadi kwapani. Binamu zangu walichezwa unyago bila mimi. Mpaka leo kwenye harusi ananionyesha kwa watu: "Yule pale, msungo wa kaka yangu." Nao wananikagua mashavu, yaliyopungua tangu daktari apunguze vidonge, wananong'ona kwamba nimekonda, labda naumwa. Vipimo vya ini vinasemaje, hakuna anayeuliza.