Maneno ya Mjomba Niliyoyageuza Kichekesho

Admin, ukiposti naomba lisionekane jina langu wala kijiji anachoishi mama. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Kilole, Korogwe. Natengeneza filamu fupi za vichekesho na wenzangu watatu. Hakuna kampuni nyuma yetu. Naandika, naigiza, nahariri mwenyewe, kisha tunarusha mtandaoni. Kwa miaka mingi walitutazama ndugu na marafiki tu, mpaka nilipomleta Mzee Subirini.

Huyu ni mzee mwenye koti kubwa. Awe msibani, awe anaposa, ghafla anageukia pembeni pasipo na mtu na kusema, "Subirini kidogo, nakuja." Watu walicheka sana. Bodaboda wa Korogwe wakaanza kuambiana hivyo, baadaye na wa Handeni. Kila nikiulizwa nimemtoa wapi, nasema nimemtunga.

Sikumtunga. Ni mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeishi na mama kijijini Handeni. Baba alipotuacha, mjomba ndiye aliyekuwa ananipeleka shule kwa baiskeli. Nilipokuwa kidato cha pili akaanza kusikia watu wanamwita, naye akawa anawajibu kwa maneno hayo hayo, kwa upole. Akalazwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, akapewa dawa, akarudi na kulima mahindi yake vizuri tu. Daktari alimfundisha kujiambia kwamba hakuna mtu anayemwita. Kwa neno hilo ameishi miaka yote hii.

Mwezi uliopita alikwenda sokoni kununua mbegu. Vijana wa bodaboda wakapita wakipigiana kelele kwa maneno yangu. Hawakuwa wanamsema yeye, hata hawamjui. Alirudi mikono mitupu, akamwambia mama, "Dada, daktari alisema hakuna watu. Mbona leo soko zima wanawajibu?" Mama hatazami mambo ya mtandaoni, hakuelewa, akamwambia apumzike. Kumbe tangu siku hiyo mjomba aliacha dawa. Kama watu wapo kweli, dawa za nini?

Wiki ya pili akatoweka. Tulimtafuta siku tatu, tukamkuta kwenye shamba la mkonge upande wa huku Korogwe, miguu imechanika, amekaa chini anaongea. Aliponiona aliniuliza kama na mimi nawasikia. Nikamwambia hapana, mjomba. Aliniangalia kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

Amelazwa tena. Mimi tangu hapo sina usingizi wala kazi. Nikifungua klipu kuhariri, sauti ninayoisikia ni yake, si yangu. Juzi nilikuwa nanyoa ndevu, mtu akaniita kutoka nje, nikajibu, "Subirini kidogo, nakuja." Aliyeniita alikuwa mmoja. Niliacha kunyoa nikakaa kitandani, maana ugonjwa huu uko kwenye damu ya ukoo wa mama.

Nilikuwa naamini kichekesho kizuri lazima kitoke kwa mtu wa kweli. Sikuwahi kujiuliza huyo mtu wa kweli anabaki na nini. Sasa televisheni moja inataka vipindi kumi vya Mzee Subirini. Mwenzangu anayeshika kamera ana mke na mtoto mchanga, ameniambia nikikataa nimewaua wote.

Na jana mama alipiga simu. Akasema, "Jumapili twende wote Lutindi, ukamchangamshe mjomba wako. Wewe ndiye unayejua kuchekesha."

Nikimwambia mjomba kwamba maneno yale niliyatoa kwake nikawapa watu, labda ataamini tena kwamba hakuna anayemwita, atameza dawa. Lakini atajua pia kwamba walikuwa wanamcheka yeye, na aliyewachekesha ni mimi niliyepanda baiskeli yake. Mama naye atakuwa amesimama pale pale, anasikia. Nikinyamaza, ataendelea kuwajibu.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mnishauri. Jumapili ni keshokutwa. Nikifika mbele ya kitanda chake nimwambie nini?