Mlaji wa Mifupa

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwetu kando ya Segese, niliogopa mfupa kuliko nilivyoogopa fisi. Bibi Kabula, mama yake baba, alikuwa akipepeta mtama uani. Akajikwaa, akaketi chini, basi. Hata vumbi halikutimka. Lakini nyonga ililia ko! nami nilikuwa karibu nikaisikia.

Kabla ya hapo alishavunjika mkono kwa kuinua mtungi tu, na mgongo ulizidi kupinda. Huku Babu, aliyemzidi umri, alianguka kutoka juu ya paa akiezeka, akajikung'uta, akaomba maji ya kunywa. Watu wakaanza kuuliza: mzee yu mzima, mkewe mbona anasagika? Shangazi, dada wa baba, akajibu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Alimaanisha Bibi Milembe, mke mdogo wa Babu. Wakasema anamla mwenzake mifupa kidogo kidogo, ndiyo maana yeye bado anatembea wima.

Sasa mimi nilikuwa nalala kwa Bibi Milembe, nakula chungu kimoja naye. Jamani, hofu niliyokuwa nayo! Kila asubuhi nilipapasa miguu yangu nione kama bado ni migumu. Nilimpenda na nilimwogopa, yote pamoja, na sikuwa na wa kumwambia.

Babu akamwita mfumu, mganga asomaye kuku, maana kwetu shauri zito halikukatwa bila kuku. Bibi Kabula alikitemea kifaranga mate mdomoni alivyoelekezwa, mfumu akakipasua, akachungulia mbavuni. Akasema mlaji anaota moto wa mji huuhuu. Hakutaja jina, wala hakuhitaji.

Bibi Kabula akajiinua kwenye ngozi aliyolalia. "Mwacheni," akasema. "Huyu ndiye anayeniosha."

Shangazi akasema ulimi nao umeshalogwa. Mchana uleule Bibi Milembe alifunga nguo zake, akaniinamia. "Usiache kumgeuza mwenzangu, mjukuu wangu. Akilalia ubavu mmoja ataoza." Akashika njia ya Mwakitolyo kwa kaka yake, Shangazi kanishika mkono nisimfuate.

Nilikuwa mdogo, Bibi Kabula alikuwa mzito. Vidonda vya mgongoni vilimmaliza kabla ya mvua. Miaka michache baadaye ikaja habari kwamba Bibi Milembe naye amevunjika nyonga, akiinuka tu kwenye kigoda. Hakuna aliyeuliza yeye analiwa na nani.

Mwaka jana nilivunjika kifundo cha mkono kwa kujishikiza ukutani. Daktari akanieleza kwamba mifupa ya kila mtu hupungua ugumu uzeeni, ila mwanamke, hedhi ikishakoma, yake hupungua kwa kasi. Mwanamume huja nyuma, polepole. Nilimwomba arudie. Nikalia, akadhani ni maumivu.

Niliporudi nyumbani, minong'ono ya mlaji wa mifupa ilishanitangulia. Mke wa mwanangu, tunayeishi naye, alisimama mlangoni na bakuli la chakula, hathubutu kuvuka kizingiti. Majirani walikuwa uani wakitazama. Nikapaza sauti ili wote wasikie.

"Ingia, mwanangu. Nilishe."

Akaingia, akaketi karibu yangu.