Moshi, Makumbi na Maziwa ya Garsen

Nakumbuka asubuhi moja ambapo mchanga wa kando ya barabara ya Garsen ulikuwa mweupe kwa maziwa. Mnunuzi aliyekuwa akija na lori lake kutoka Malindi alionja mtungi wa kwanza, akatema. Akaonja wa pili, akatikisa kichwa. Yote yalikuwa yamechacha, na haikuwa mara ya kwanza. Akasema wazi kwamba yakiharibika tena hatasimama Garsen, atapita moja kwa moja. Lori likaondoka, na wale kina mama wa Kiorma waliotoka mabomani kabla ya mapambazuko wakayamwaga pale pale.

Mbele yao alikuwa Mama Barisa. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wauze maziwa yao kwa pamoja. Baadhi ya wazee hawakupenda jambo hilo. Walisema maziwa ni ya ndama na watoto, si ya lori. Yeye akawajibu, nipeni msimu huu tu, mtaona. Sasa, mwanangu, walikuwa wakiona. Mwenzake mmoja alimwambia maneno kwa Kiorma ambayo sikuyaelewa, lakini niliuona uso wa Mama Barisa ukibadilika.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana kutoka Wenje, sijaolewa, fundi wa redio na simu. Kibanda changu kilikuwa ndani ya kiwanja kilichotengwa na wakubwa wa mkoa pamoja na chuo kimoja cha Pwani. Walikiita kituo cha sayansi na ufundi. Siku hizi nyinyi mnasema kongani, na maana ni ile ile: watu wa kazi mbalimbali wanaohitajiana wakae mahali pamoja. Palikuwa na karakana ya pampu za maji ya Mzee Komora, Mpokomo mwenzangu, mtu wa maneno machache. Palikuwa na wachomeleaji vyuma. Palikuwa na maabara ndogo ya kupima udongo na maziwa, chini ya kijana aliyetoka chuoni, Dahir, ambaye baba yake alikuwa Msomali mwenye duka pale pale mjini. Na mimi na redio zangu.

Nikwambie ukweli, mwaka wa kwanza hatukuhitajiana hata kidogo. Asubuhi tulisalimiana, kila mtu akafungua mlango wake. Jioni tukafunga, tukaagana. Wageni walikuja wakapiga picha. Nami nilikuwa nikijiuliza, hivi udongo na redio vina undugu gani? Aliyetuweka pamoja alikuwa akitarajia nini?

Asubuhi ile Mama Barisa hakurudi nyumbani. Aliuchukua mtungi wake wa plastiki, akaingia kiwanjani, akaenda hadi mlango wa maabara. Nikaacha redio ya watu imefunguliwa tumbo, nikamfuata. Sikuwa na shughuli huko. Nilitaka tu kujua mtu aliyemwaga maziwa yake anakwenda kutafuta nini.

“Kijana,” alimwambia Dahir, “hapa mlangoni mmeandika maziwa. Mimi niko na maziwa. Niambie nani anaharibu.”

Dahir akakwangua kidogo ndani ya mtungi, akapaka kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini na kumkaribisha aangalie. Mama Barisa akasukuma mtandio wake nyuma, akainama. Akakaa hivyo kwa muda, hata nikadhani hajaona kitu na anaona haya kusema. Ghafla akacheka.

“Kumbe iko hai! Sasa hii inakula nini?”

“Inakula maziwa, mama. Vijidudu hivi vinajificha kwenye mikwaruzo ya plastiki. Hata ukiosha vipi, vingine vinabaki.”

Mama Barisa akanyanyuka. “Mama yangu alikuwa na kibuyu. Anakifukiza moshi kwanza, ndiyo anakamulia. Maziwa yanalala mpaka kesho, bado mazuri. Moshi inafanya nini hii wadudu?”

 Dahir akaitazama hadubini yake, akamtazama mama. Kisha akasema maneno mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyokifungua kituo kile kuliko utepe wowote uliokatwa pale:

“Sijui. Tupime.”

Basi wakapima. Kibuyu kilichofukizwa kikawekwa sambamba na mtungi wa plastiki, maziwa ya ng'ombe yule yule, kivuli kile kile. Habari zikaenea kiwanjani kwamba kuna wadudu wanaonekana kwa Dahir, na watu wakaanza kuja kuchungulia. Hata Mzee Komora alikuja, mikono imejaa grisi, akauliza kama wadudu hao wamo pia katika maji yanayovutwa na pampu zake. Walikuwamo. Alirudi karakanani akiwa na mawazo mengi, na kazi yake ya kuchuja maji ya kisima ilianzia hapo, ingawa hiyo ni hadithi nyingine.

Maziwa ya kwenye kibuyu yalidumu. Lakini vibuyu vilikuwa vichache, tena ukikifunga nyuma ya bodaboda kwa njia zetu zile, kinafika vipande. Plastiki nayo ukiifukiza inayeyuka. Mama Barisa akavuka kiwanja akawaambia wachomeleaji, “Nataka kibuyu cha chuma.” Wakamtengenezea, kutokana na mabaki ya tangi la chuma kisichoshika kutu, mdomo mpana mkono uweze kuingia kuosha. Kikafukizwa vizuri sana. Tulipokituma mabomani, jua likakipiga, na maziwa yakafika Garsen karibu yachemke.

Siku hiyo alikuwapo mzee mmoja wa Kipini aliyeleta injini ya mashua kwa Mzee Komora. Alikuwa amekaa akisubiri, akatusikia tukibishana. Akasema kwa ule upole wao wa pwani, “Wanangu, sisi samaki twamlaza ndani ya makumbi ya nazi yalorowa maji. Upepo ukipita, hupoa.” Akarudi kwenye injini yake. Sidhani kama alijua ametupa nini. Dahir alikuwa ameshaanza kueleza jinsi maji yanavyochukua joto yanapokauka, na kwamba pikipiki ikienda upepo haukosekani. Kina mama wakashona koti la gunia, wakalijaza makumbi, tukakivisha kile chombo. Mimi nikaunda kifaa kidogo chenye taa nyekundu, iwake maziwa yakipata joto. Nilijivunia taa ile kama mtoto wa kwanza.

Bodaboda ilipofika, taa ilikuwa inawaka. Makumbi yalikuwa yamekauka njiani, na maziwa yameanza kukatika. Mwenzake Mama Barisa, yule aliyemsema kwa Kiorma siku ile barabarani, alichukua mtungi wake wa zamani akaenda zake bila kuaga. Wengine wawili wakamfuata.

Ni katika siku hizo hizo alipopita mgeni kutoka Nairobi, mtu wa kampuni ya vifaa. Alikipenda chombo chetu licha ya makosa yake. Akatuita mimi na Dahir pembeni. Akasema kuna chumba kizuri kule, kina vyombo vyote, kina ubaridi, twende tutulie tumalize kazi. Mwanangu, sikulala nikifikiria vyombo hivyo! Dahir kwao walishaanza kupokea pongezi.

Tulimwambia Mama Barisa kwa furaha, tukidhani atafurahi nasi.

“Tutarudi nacho kikiwa kimekamilika, mama,” Dahir alisema.

Hakupandisha sauti. “Juzi maziwa yaliharibika. Nani aliwaambia?”

“Wewe, mama.”

“Lini?”

“Siku ile ile.”

“Huko mkikosea, nani atakuja mlangoni na mtungi mkononi, amekasirika?” Akatutazama mmoja mmoja. “Nyinyi mnajua kutengeneza. Mimi najua mahali inauma. Mkikaa mbali na mahali inauma, mtatengeneza nini?”

Dahir alikwenda hata hivyo, na simlaumu. Alikuwa na wazazi waliosubiri kumwona akipanda cheo. Mimi nikabaki. Ningependa kukwambia kwamba nilibaki kwa hekima, lakini nadhani kilichonizuia ni swali lile. Nililigeuza kila upande, sikulipata jibu, nami sipendi kuondoka mahali penye swali.

Na Dahir, unajua alikuwa akifanya nini huko Nairobi? Kila jioni alinipigia simu. Hakuuliza habari za nyumbani kwanza. Alikuwa akiuliza, “Leo walisemaje?” Nami ninamweleza: makumbi ya nazi changa yananuka, mfuniko unamwaga kwenye mashimo ya barabara, mama fulani mkono wake hauingii. Naye ananiambia, “Hapa hakuna anayeniambia lolote. Wote wanasema ni kizuri.”

Lile tatizo la makumbi kukauka lilitatuliwa na kiatu. Nilikuwa nimekwenda kwa Mzee Komora kuazima koleo. Alikuwa akirekebisha mipira ya kumwagilia kwa matone ya wakulima wa nyanya wa Ndera, na mmoja ulikuwa unamdondokea mguuni.

“Tangu asubuhi kiatu hiki hakijakauka,” alilalamika. “Tone moja, tone moja. Linachosha.”

Nikasimama na koleo mkononi. “Mzee, chupa moja ya maji inaweza kudondoka hivyo mpaka lini?”

Akanitazama, akakitazama kiatu chake, kisha akakitazama kile chombo cha Mama Barisa kilichokuwa nje mlangoni.  Akachukua kisu, akakata kipande cha mpira, akanipa. Kabla ya adhuhuri chombo kilikuwa na chupa ya maji iliyofungwa juu yake, ikidondosha maji taratibu ndani ya koti la makumbi. Karakana yake ingekuwa mbali huko Hola, mwanangu, ningekiona wapi kiatu hicho?

Mama Barisa alimpigia mnunuzi simu, akamwomba asimame mara moja tu. Alikubali kwa shingo upande. Asubuhi hiyo kiwanja kizima kilikuwa barabarani, wachomeleaji na miwani yao, Mzee Komora, wateja wangu waliokuja kuchukua simu. Bodaboda ikafika imejaa vumbi, na makumbi yakiwa bado yanadondosha maji. Mnunuzi akamimina kidogo kwenye kikombe, akaonja. Hakutema. Akanywa yote, akajimiminia tena.

“Mazima haya,” alisema. “Lakini yana harufu ya moshi. Sijui watu wangu watasemaje.”

Akayachukua. Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Aliporudi alituambia kwamba wengine waliyakataa, na wengine waliulizia yale yale ya moshi, hawakutaka mengine. Basi Mama Barisa akaanza kubishana na Dahir kwenye simu juu ya mti upi wenye moshi mwepesi, nasi tukapima kuni nyingi kuliko nilivyojua kwamba zipo. Lori likaendelea kusimama, na wachomeleaji wakaendelea kutengeneza vyombo vingine. Siku moja, kina mama wakiwa wamepanga vyombo vyao mstari, yule mwenzake aliyekuwa amejitenga akaja kimya, akaweka chake mwisho wa mstari.  Mama Barisa alisogeza vyombo vingine ili cha mwenzake kikae kivulini.

Dahir naye alirudi. Safari yake haikuwa bure. Alituletea mipira ya kuzibia vifuniko ambayo hatukuwahi kuipata hapa. Alifungua mlango wa maabara na hakuufunga tena mchana. Na ile taa yangu nyekundu? Haikufaa. Mtikisiko wa barabara uliiua kila mara. Niliitupa kwenye kona, kijana mmoja jirani akaiokota, akaitia katika mashine yake ya kutotolea vifaranga. Huko ilitulia, ikafanya kazi miaka. Niliiunda kwa ajili ya maziwa, ikalea kuku. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Sasa wewe umeniambia umebuni kifaa cha kupima chumvi kwenye maji ya mashamba, na kituo kikubwa kipya kimekupa nafasi, lakini ungependa kukimalizia kwanza nyumbani peke yako, mtu asije akakiiga au akakicheka. Sikukatazi kulinda kazi yako. Uliza sheria zake, usimpe kila mpita njia. Lakini nenda. Usiende kwa ajili ya majengo, maana nimeona majengo mazuri yasiyozaa kitu. Nenda kwa sababu mtu mwenye shamba lililokufa kwa chumvi atakuwa mlango wa pili, na mchomeleaji mlango wa tatu, na kosa lako halitalala njiani kabla ya kukufikia. Usipojua, sema hujui, kisha mpime pamoja. Chungulia kazi ya jirani hata isiyokuhusu. Anayekuja kwako amekasirika, mpe kiti, umsikilize mpaka amalize. Na kitu chako kikishindwa, usikifiche. Huenda jirani ana kazi nacho.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe majirani wasioogopa kukwambia kweli, akupe na moyo wa kuwafungulia mlango kila wanapobisha. Nenda na amani yangu.