Mwaka Niliokataa Kutunza Viatu

Mpunga ukishavunwa, Ifakara hunuka pumba zinazoungua. Mashine za kukoboa huzitema nje mpaka zikawa vilima, mtu akatupa kaa la moto, nazo zikaungua wiki nzima bila kuwaka, zikitoa moshi mweupe mzito unaotambaa chinichini hadi majumbani. Moshi huo huingia katika nguo zilizoanikwa, katika nywele, hata katika uji wa asubuhi. Kila ninapoukuta mahali, hunirudisha darasa la tano, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja na miguu miwili isiyonisikia. Nilipooza nikiwa na miaka miwili, tulipokuwa bado tunaishi Idete. Ilikuwa homa ya siku tatu; ilipoondoka, iliondoka na miguu yangu. Mama alinifunga mgongoni kwa kanga akanileta Ifakara, akanirudisha, akanileta tena, mpaka alipochoka na njia akahamia mjini kwa kaka yake, mjomba Deo, ili niwe karibu na hospitali. Baba alibaki Idete na mashamba, akija kutuona baada ya mavuno. Watu tuliokutana nao barabarani walikuwa na maneno mawili tu. Wengine walisema, "Pole, mama." Wengine walitikisa kichwa na kusema hujafa hujaumbika, kana kwamba nimewekwa pale ili wao wapate pa kuitumia methali yao.

Hospitalini kulikuwa na chumba cha mazoezi, na katikati ya chumba hicho vyuma viwili virefu vilivyolazwa sambamba, vikinifika kiunoni. Hapo ndipo nilipofundishwa kutembea. Nilivishwa viatu vya chuma vyenye mikanda ya ngozi mpaka mapajani, nikasimamishwa katikati, nikashika chuma huku na huku, nikajivuta hatua nane kwenda na hatua nane kurudi. Mama mmoja mnene aliyesimamia mazoezi alikaa mwisho wa vyuma na hakuwa na neno la pole. "Nyanyua, Veneranda. Usiburute," ndilo lililokuwa wimbo wake. Nilivichukia vyuma vile kuliko sindano. Watoto wa wagonjwa wengine walisimama dirishani wakanitazama, nami nilijua wanachokiona ni msichana aliyefungiwa zizini. Sikujua kwamba miaka yote hiyo, Jumanne baada ya Jumanne, mikono yangu ilikuwa ikikomaa kama ya mtu anayetwanga kwa kazi.

Karibu na nyumba yetu alikuwako Mzee Salum, muuza vitambaa ambaye asili yake ilikuwa Kilwa. Alikuwa na televisheni na deki ya video, na mpwa wake aliyekaa Dar es Salaam alimrekodia michezo kwenye kanda na kumtumia kwa treni. Mwaka ule ulikuwa wa Olimpiki. Kanda zilifika baada ya wiki kadhaa, lakini sisi hatukujali. Kwetu michezo ilianza siku kanda ilipoteremka stesheni. Mzee Salum aligeuza televisheni ikatazama nje, na alasiri baraza lake likajaa wanaume waliokuja kwa ajili ya ngumi na mbio. Siku moja, katikati ya kanda, pakaja kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Wanaume waliovaa fulana na suruali nyeupe walikuwa wamesimama kwenye ukumbi mkubwa, na mbele yao mapao mawili ya mbao, yamelala sambamba juu ya miguu ya chuma. "Peleka mbele hayo," wakalalamika watu barazani. Ila Mzee Salum alikuwa ameenda msikitini, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa deki yake. Hivyo kanda ikaendelea, nami nikaona.

Mwanamume mfupi mwenye mabega ya fahali alisugua viganja kwa unga mweupe, akasimama katikati ya mapao, akayashika, akajinyanyua. Tangu hapo miguu yake haikugusa chini. Ilifuata tu ilikopelekwa: mbele, nyuma, juu ya kichwa, kisha ikasimama angani imenyooka huku yeye akisimama kwa mikono. Kazi yote ilikuwa ya mikono. Nilishtuka kama mtu aliyeona sufuria ya kwao kwenye karamu ya mfalme. Vyuma vyangu vilikuwa pale, mbele ya dunia nzima, na watu wakivipigia makofi. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Huyo wa tatu aliachia mkono hewani, akalikosa pao, akaanguka katikati kwa kishindo. Baraza zima likacheka. Nilidhani watamtoa. Hawakumtoa. Alikwenda kwenye chombo cha unga, akapaka viganja bila haraka, waamuzi wakikaa kimya kumngoja, akarudi, akapanda, akamaliza zoezi lake mpaka mwisho na kuinua mikono kama yule wa kwanza.

Mzee Salum aliporudi nilimwamkia na kumwuliza kwa nini yule aliyeanguka hakufukuzwa. Alifikiri kidogo huku akivua viatu. "Nadhani ndiyo sheria yao, mwanangu," akasema. "Ukianguka, unapanda tena." Nilirudi nyumbani kwa magongo yangu nikiwa nimelibeba neno hilo moyoni. Shuleni kwetu sheria haikuwa hiyo. Shuleni kwetu mimi sikuruhusiwa hata kuanguka. Tangu darasa la pili, kila kipindi cha michezo wenzangu walivua viatu na kukimbilia uwanjani, nami nikakaa ukutani kivulini nikivitunza. Viatu vya darasa zima. Nilimjua kila mtu kwa harufu ya viatu vyake.

Mwaka huo Mwalimu Ndunguru alikuwa akitayarisha halaiki ya mahafali ya darasa la saba. Nilimfuata ofisini, nikamwamkia, nikamwambia nami nina zoezi langu. Nilimweleza kuhusu mapao, unga, na wale wanaume wa Olimpiki. Hakuwa mtu mkatili. Alicheka kama mtu anavyochekea maneno ya mtoto mchanga. "Veneranda, hayo ni mambo ya wanaume," akasema, "tena wanaume wazima." Neno wazima lina maana mbili, nami nilizielewa zote mbili. Akaongeza kwamba sikio halipiti kichwa, nirudi kwenye viatu. Sijui nilipata wapi ulimi. "Basi viatu vitajitunza, Mwalimu," nikasema. Angekuwa mwanafunzi mwingine angepigishwa magoti pale pale. Magoti yangu hayakufaa hata kwa adhabu, basi akanionyesha mlango tu, nikatoka.

Tangu siku ile sikukaa tena na viatu. Wenzangu walipokwenda uwanjani, nilibaki darasani. Viatu viwili vya msichana mmoja vilipotea na lawama nikapewa mimi, nami nikazikataa. Jioni nilimweleza mjomba Deo yote. Mjomba alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kule Kivukoni, hasa siku ambazo pantoni iliharibika, na maisha yake yote yalikuwa kwenye pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mtumbwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Yako umbali gani, pao na pao?" Nikamwonyesha kwa viwiko. Jumapili baada ya misa alikuja na pondo mbili kuukuu, nyororo kwa kushikwa, akazikata, akachimbia panda nne nyuma ya nyumba na kuzifunga juu yake kwa kamba za nailoni. "Miti hii imezoea jasho," akasema. "La kwako si geni kwayo."

Mama alipotoka sokoni na kuyaona mapao hayo hakugombana na kaka yake. Alinigeukia mimi. "Veneranda, mikono ndiyo miguu yako," akasema taratibu. "Ukiivunja, itanibidi nikubebe tena. Na mgongo wangu sasa si ule." Hakuna kipigo ambacho kingeniuma kama maneno hayo, kwa sababu yalikuwa kweli. Nililia siku hiyo. Kesho yake, mama alipokwenda sokoni na mboga zake, nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikavua viatu vya chuma, nikajifunga miguu kwa kipande cha kanga ili isitawanyike, nikapaka viganja majivu ya jikoni mahali pa unga wa wazungu, na nikashika.

Siku za kwanza sikuweza kitu zaidi ya kuning'inia. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakaota magamba. Nilianguka nikapasua mdomo, na jino moja la mbele likakatika pembe, pengo nililo nalo hadi leo. Lakini niligundua jambo ambalo mtu hawezi kuambiwa, sharti alione mwenyewe: miguu yangu iliyonyauka ilikuwa myepesi. Wale wanaume walibeba mapaja mazito kama magogo. Mimi nilibeba kifua na mikono tu. Nilijifunza kutembea kwa viganja toka mwanzo wa pao hadi mwisho. Nilijifunza kubembea mpaka nikauona ukuta wa jirani, kisha mbingu, kisha ukuta. Baada ya wiki tatu nilijaribu kugeuka: kuachia mkono mmoja, kuzunguka, na kudaka pao la pili nikitazama nilikotoka. Siku moja, niliporudi kutoka shuleni, nikakuta chini ya mapao pamemwagwa pumba, magunia mawili au matatu, zimetandazwa vizuri kama godoro. Mama alikuwa jikoni akichagua mchele. Kanga yake ilikuwa imeshika pumba mpaka mgongoni.

Siku ya mahafali mjomba aliwahi uwanjani na mapema, akamwagia maji ile ardhi ngumu ya kiangazi, akachimbia panda zake pembeni mwa uwanja, akafunga pondo juu yake na kuweka kando kinu chetu na kopo la majivu. Mwalimu Ndunguru alipofika alimwuliza ni nani aliyemruhusu. "Mimi mvushaji tu, Mwalimu," mjomba akajibu. "Nimeleta mzigo wa abiria wangu." Wageni walikuwa wamekwisha kuanza kuketi, wazazi wamejaa, na mwalimu hakutaka ugomvi mbele yao, akapita. Halaiki ikachezwa. Ilipomalizika, kabla ya hotuba, nilisimama na magongo yangu nikauvuka uwanja. Sikuitwa na mtu, sikutangazwa. Nilikaa juu ya kinu, nikafungua mikanda, nikavua vile viatu vya chuma mbele ya watu wote. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote yaliyofuata, kwani hakuna aliyekuwa ameiona miguu yangu isipokuwa watu wa nyumbani na wa hospitali. Nilisikia mwanamke akisema, "Maskini." Nikapaka majivu.

Nilipanda. Nilitembea kwa viganja kwenda na kurudi. Nilibembea mara tano, sita, nikaachia mkono ili nigeuke, na nikalikosa pao. Niliangukia bega. Pale hapakuwa na pumba, palikuwa na udongo mtupu. Nilipofumbua macho nilimwona Mwalimu Ndunguru anakuja mbio, mikono ameitanguliza kunibeba, na nyuso za watu zimejaa ile huruma niliyoijua tangu utoto. Ndipo mama alipotokea kwenye safu ya wazazi. Alikuwa mwanamke wa aibu, asiyezungumza mbele za watu. Alisimama kati yangu na mwalimu. "Mwache, Mwalimu," akasema. "Hajamaliza."

Nilitambaa mpaka kwenye kinu. Hakuna aliyenisaidia kwa sababu mama hakuruhusu, naye mwenyewe hakunisaidia. Nilipaka majivu upya, polepole, na watu wakakaa kunisubiri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bega liliniwaka moto, nikapanda, nikabembea, nikaachia, nikadaka. Niligeuka nikaona watu wote niliokuwa nimewapa mgongo. Nikashuka juu ya kinu, nikainua mkono mmoja, kwa kuwa wa pili haukuinuka.

Makofi yalikuwapo, siwezi kusema uongo, lakini sikupewa zawadi. Mwalimu Ndunguru hakuniomba radhi, na kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka aliandika kwamba nina kiburi. Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku pamoja na cheti changu cha ubatizo. Viatu vya wenzangu havikuwa na mlinzi tena.

Leo Kivukoni kuna daraja, na mtoto wa Ifakara haingoji kanda iteremke stesheni. Anafungua simu na kuona mashindano yoyote ya dunia, hata ya watu wenye miguu kama yangu wanaovishwa medali. Mimi sikufika kwenye michezo yoyote. Ni fundi wa redio na simu, nina kibanda changu na wanafunzi wawili. Daktari ameniambia kwamba mabega yangu ni ya mtu wa miaka sabini, nikae kwenye kiti cha magurudumu. Nimekaa. Yamechakaa kwa kutumika, na sijuti. Maneno ya watu nayo yamebadilika. Siku hizi hawasemi hujafa hujaumbika. Wanasema haki, wanasema ushirikishwaji, wanatupa fulana. Mwaka jana nilialikwa kwenye semina ya haki za watu wenye ulemavu. Nilipofika nikaambiwa ukumbi uko ghorofani, na ghorofani kunapandwa kwa ngazi. Kijana mmoja mwenye adabu alinyoosha mikono. "Shikamoo, mama. Usijali, tutakubeba."

"Marahaba," nikamjibu. "Sikuja kubebwa. Waambie washuke."

Alisitasita, akapanda. Nilingoja pale chini muda mrefu. Kisha nikasikia viti vikiburutwa juu, na watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake mkononi.