Tembe za Presha za Baba Anita

Mume wangu Simeon alipokea maziwa katika kituo cha Endarasha miaka ishirini na sita. Kila mtungi aliupima, na yenye maji aliyarudisha bila kumwonea mtu haya. Siku moja alirudisha hata ya mama yangu mzazi, nikamnunia wiki nzima. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa neno moja.

Presha ilimpata kabla ya kustaafu, kisha daktari akatuambia figo zimeanza kuchoka. Alimpa tembe za kila asubuhi na kumkataza chumvi nyingi. Mimi nilitaka apone, basi, si kumeza dawa hadi kaburini. Subira sina. Niliposikia kuna mtu Nanyuki anayeuza dawa za Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi, nilifunga safari mwenyewe.

"Hii unga inaosha figo," muuzaji aliniambia. "Lakini mama, usichanganye na dawa ya hospitali. Itakosa nguvu."

Simeon alisita. "Mama Anita, si tuulize daktari kwanza?"

"Ati daktari? Huyo anataka urudi kila mwezi mpaka lini?"

Nilimkorogea unga ule katika maji ya vuguvugu, na tembe nikazitupa chooni. Wiki tatu alionekana mzima kabisa, akapalilia viazi, nami nikatamba kanisani. Kwenda kupimwa presha tukaacha. Mtu aliyepona apimwe nini? Wiki ya tano akavimba miguu na uso, akawa anahema hata akiwa ameketi.

Tukamkimbiza hospitali ya Nyeri. Daktari alipima presha mara mbili, akasoma majibu ya damu, akasema figo hazitarudi tena. Itabidi damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, maisha yake yote. Aliposikia kwamba tembe ziliachwa, akauliza kwa ukali, "Nani alisema dawa ya presha iachwe?"

Simeon akajiinua kidogo kitandani.

"Ni mimi niliamua, daktari. Huyu mama alinikataza, nikakuwa mkaidi."

Daktari akamkaripia kama mtoto, mgonjwa vile, uso umevimba. Najuta unga ule, najuta kiburi changu. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika koti la Simeon, na sikusema kitu.