Mawe Safi ya Ukuta wa Bwawa

Mlango wa chumba cha kulala cha Mzee Kijiko umerandwa upande wa chini hadi panya anapita bila kuinama. Bado unakwama. Sakafu imetuna katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba, na kila asubuhi mkewe hufagia unga mweupe unaotoka kwenye nyufa.

Jina la Kijiko alilipata mgodini, kwa mashine ya kuchotea mawe aliyoiendesha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wenzake walichimba chini ya ardhi. Yeye alibaki juu, akipanga kwa aina mawe ambayo hayakuwa na madini ya kutosha. Yenye vimetameta vya manjano, wafanyakazi huyaita machachu. Yakipata hewa na mvua huvimba, huoza na kutoa maji makali yenye rangi ya kutu, kwa hiyo hufukiwa katikati ya lundo na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Yasiyo na vimetameta huitwa safi. Hayo ndiyo yanayojenga ukuta wa bwawa la tope, yale mabaki ya kinu baada ya madini kutolewa.

Vumbi la mgodini hulifanya kila jiwe liwe la kijivu, ndiyo maana zamani kila lori lilipofika palikuwa na mtu wa kuyaosha mawe kwa mpira wa maji. Kisha uongozi ukaona kuosha kunachelewesha malori. Mpira ukakunjwa. Mawe yakaanza kupangwa kwa macho, na vumbi lake juu.

Wafanyakazi waliruhusiwa kujichukulia mawe ya kujengea, ila kutoka lundo la mchanganyiko tu. Mzee Kijiko hakutaka mchanganyiko. Nyumba hii ilikuwa ya uzeeni. Mkewe alikuwa ameingoja miaka yote ya vyumba vya kupanga, akilea watoto wanne. Mzee Kijiko alijichotea lori zima la mawe ya ukuta, akayashindilia chini ya sakafu. Hakuyaosha. Fundi mjenzi angeyamwagia maji hata ndoo moja, lakini mwendesha kijiko huamini anachokiona kutoka kwenye kiti chake.

Masika ya pili sakafu ikapasuka. Alivunja kona moja, akatoa jiwe, akalisugua kwenye beseni. Likametameta.

“Si ulisema umeleta safi?” mkewe aliuliza.

“Ndiyo safi hayo, mama watoto. Ndiyo tuliyojengea ukuta.”

“Ukuta upi?”

“Wa bwawa.”

Mkewe aliacha kufagia. Chini ya bwawa kuna mto, na dada yake anaishi kando ya mto huo. “Basi kaseme.”

“Nikisema, wataniuliza nimeyatoa wapi.”

“Na usiposema, dada yangu anywe kutu?”

Alikwenda kusema. Msimamizi wa mgodi, kijana mpole anayemwita kila mtu mzima mzee wangu, alifika nyumbani mwenyewe, akagonga sakafu kwa kisigino, akapiga picha, akaondoka na jiwe ndani ya mfuko. “Pole sana, mzee wangu,” alisema mlangoni. Usiku huo Mzee Kijiko alilala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini na kufukuzwa kazi. Kosa: kuchukua mawe safi ya ukuta bila kibali.

“Kama ni safi, bosi, sakafu yangu imevimba kwa nini? Na kama ni machachu, nimeiba nini?”

“Usitafute maneno, mzee wangu. Ukuta wetu ni wa mawe safi. Si wewe mwenyewe uliyeyapanga?”

Hilo lilikuwa kweli.

Ukuta sasa umepandwa nyasi. Zimeshika vizuri, isipokuwa mstari mmoja karibu na chini ambako hazioti, na chini ya mstari huo mfereji unaoshuka mtoni umeanza kuwa mwekundu. Shemeji wa Mzee Kijiko, yule wa kando ya mto, hupanda kilima na madumu kuja kuchota maji kwenye bomba lao. Hakuna siku anayopita bila kuchungulia chumbani.

“Shemeji, hii sakafu yako inajifungua lini?”

Mkewe hacheki tena. Mzee Kijiko anachukua randa, anaung’oa mlango kwenye bawaba zake, na kuulaza uani.